Kazi ya Kampuni Kubwa ya Teknolojia: Kinachoingia na Kinachokatwa

Barua ya ofa huja na tarakimu moja kubwa juu kabisa, na hiyo ndiyo ya mwisho kuaminiwa. Mhandisi wa programu aliyeko Nairobi, mwenye uzoefu wa miaka mitatu minne na kodi ya nyumba inayomkuta kila tarehe tano, ana njia nne za kuuza ujuzi wake. Anaweza kuajiriwa moja kwa moja na kampuni kubwa ya kimataifa. Anaweza kuifanyia kampuni hiyohiyo kazi chini ya wakala. Anaweza kushika kandarasi ya mbali alipwe kwa dola. Au abaki na benki, kampuni ya simu au kampuni changa ya hapa nyumbani. Kila njia ina wasifiaji wake. Sisi tuangalie bei.

Kwanza, je, nafasi zipo? Zipo, ila si nyingi, na hazina dhamana. Microsoft ilifungua vituo vyake vya uhandisi Nairobi na Lagos mwaka 2019. Mwaka 2022 Google ilitangaza kwamba kituo chake cha kwanza Afrika cha kutengeneza bidhaa kitakuwa Nairobi. Hiyo ni habari njema. Habari ya upande wa pili ni kwamba mwaka 2024 Microsoft ilifunga kituo cha Lagos, na kwamba Novemba 2022 wafanyakazi wa Twitter mjini Accra waliachishwa kazi siku chache tu baada ya kuingia katika ofisi yao mpya. Jina kubwa mlangoni halikuhakikishii kwamba mlango utakuwepo mwakani.

Kuingia kwenyewe kuna gharama. Usaili huwa na raundi kadhaa, na mafumbo ya programu yanayoulizwa yanataka wiki nyingi za mazoezi ya usiku, mengine yasiyokusaidia lolote katika kazi unayoifanya sasa. Majibu nayo huchelewa. Kama akiba yako haitoshi miezi mitatu, fanya mazoezi ukiwa bado kazini. Kuacha kazi ili ujiandae na usaili ni anasa ya mtu mwenye nyumba ya baba yake mjini.

Sasa fedha. Tuchukue mshahara ghafi wa shilingi 300,000 za Kenya kwa mwezi, tarakimu ya kupigia hesabu tu. SHIF, mfuko wa bima ya afya ya jamii, huchukua asilimia 2.75, yaani 8,250. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani 4,500. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ina chake. Kinachobaki kinatozwa PAYE, kodi ya mapato ya mwajiriwa: asilimia 10 kwa 24,000 za kwanza, asilimia 25 kwa 8,333 zinazofuata, kisha asilimia 30 kwa kila shilingi hadi ufike 500,000. Ukishapewa nafuu ya 2,400, benki itakuonyesha takriban 205,000. Karibu theluthi imekwenda kabla hujanunua unga, na mwenye deni la mkopo wa masomo wa HELB bado hajakatwa.

Aliyeko Dar es Salaam ana makato yake. Kila shilingi ya Kitanzania inayozidi milioni moja kwa mwezi hutozwa asilimia 30, na NSSF kwa kawaida huchukua asilimia 10 upande wa mfanyakazi. Aliyesomeshwa kwa mkopo wa HESLB hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Ukijadiliana mshahara, jadiliana ukiwa na hesabu ya kinachobaki.

Makato haya ni yaleyale kwa mwajiri yeyote. Kampuni kubwa hujitofautisha kwa bima, likizo na hisa, na hapo ndipo pa kusoma polepole.

Bima ya afya ndiyo marupurupu yenye thamani ya kweli kuliko yote, ingawa vijana huiruka wakakimbilia kusoma habari za chakula cha bure na vyumba vya mazoezi. Uliza maswali ya mtu mzima. Mume au mke yumo? Watoto wangapi? Wazazi wamo? Kwa familia nyingi za kwetu swali la wazazi ndilo linaloamua, kwa sababu mama akilazwa, mchango wa kwanza kwenye kundi la WhatsApp huanza kwa mwenye kazi nzuri. Bima inayomhudumia mzazi, hata kwa malipo ya ziada kutoka mfukoni mwako, inaweza kushinda nyongeza ya mshahara.

Chakula cha bure nacho kina thamani, lakini kipigie hesabu kama chakula. Kama mchana hula mlo wa shilingi 400, siku 22 za kazi ni 8,800. Hiyo ndiyo zawadi yote. Mlo wa jioni wa bure usiuhesabu kabisa. Umewekwa ili usiondoke.

Likizo ya mwaka haiwezi kuwa chini ya siku 21 za kazi kwa sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka 2007, na mama aliyejifungua ana miezi mitatu yenye malipo kamili. Kampuni kubwa kwa kawaida huongeza juu ya hapo. Usiulize siku ngapi zimeandikwa. Muulize mtu aliye ndani alichukua ngapi mwaka jana, na kama simu ilikuwa imezimwa.

Kisha hisa. Hapa ndipo watu wengi hudanganyika bila kudanganywa na mtu.

Barua itasema, kwa mfano, umepewa hisa za dola 40,000. Macho yanaona milioni tano za Kenya na zaidi. Lakini hisa hizo kwa desturi hukomaa kidogokidogo kwa miaka minne, na kampuni nyingi hazitoi hata moja kabla ya kutimiza mwaka wa kwanza. Ukiondoka au ukiondolewa mwezi wa kumi na moja, huna kitu. Zipo pia kampuni ambazo huweka sehemu kubwa ya hisa mwaka wa tatu na wa nne, huku wa kwanza ukipata asilimia tano tu. Soma ratiba ya kukomaa kabla hujasoma kiasi.

Zikikomaa hutozwa kodi kama mshahara, kwa thamani ya siku hiyo. Kwa kuwa zinaongezwa juu ya mshahara wako wa mwezi, huangukia ngazi za juu: asilimia 30, na mwezi wenye hisa nyingi hata 32.5 au 35. Kwa kawaida kampuni huuza sehemu ya hisa kulipa kodi hiyo, wewe ukapewa zilizobaki katika akaunti ya dalali wa ng'ambo. Kuzileta nyumbani kuna ada ya dalali, ada ya benki na bei ya kubadilisha fedha ambayo benki imejipangia.

Na bei ya soko haikujui. Hisa za Meta zilipoteza karibu theluthi mbili ya thamani yake mwaka 2022, halafu mwaka uliofuata zikapanda karibu mara tatu. Aliyeingia mwishoni mwa 2021 na aliyeingia mwishoni mwa 2022, kwa cheo kimoja na dola zilezile kwenye karatasi, hawakupata fedha zinazolingana hata kidogo.

Jambo jingine ambalo hutalisikia kwenye kikao cha kukaribishwa: mtu asiye raia wala mkazi wa Marekani akifariki akiwa na hisa za kampuni za Marekani zenye thamani ya zaidi ya dola 60,000, mali hiyo huingia katika kodi ya mirathi ya Marekani, ambayo hupanda hadi asilimia 40. Mhandisi wa miaka 29 hafikirii mirathi. Mkewe atafikiria.

Ushauri wangu hapa ni mkavu: uza hisa siku zinapokomaa, lipa madeni, kinachobaki weka unapopaelewa. Mshahara wako tayari unategemea kampuni hiyo. Hakuna haja akiba yako nayo ikaning'inia kwenye msumari huohuo. Na unapolinganisha ofa mbili, hesabu nusu tu ya thamani ya hisa zilizoandikwa. Kama ofa inashinda kwa nusu hiyo, inashinda kweli.

Makato mengine hayapo kwenye hati ya mshahara. La kwanza ni bonasi ya kujiunga. Inaonekana kama zawadi, hasa kwa mtu mwenye madeni, lakini mikataba mingi hutaka uirudishe ukiondoka kabla ya mwaka mmoja au miwili. Baadhi hutaka urudishe kiasi kizima kabla ya kodi, ilhali wewe ulipokea kilichokatwa. Bonasi ya 500,000 inaweza kuingia ikiwa 340,000 na kudaiwa ikiwa 500,000. Kama utaipokea, ilaze benki mpaka muda upite.

La pili ni kifungu cha kazi za pembeni. Nairobi kila mtu ana kibarua chake: mfumo wa SACCO ya shangazi, tovuti ya shule, kozi ya mtandaoni. Kampuni kubwa huandika kwamba kazi ya nje inahitaji kibali, na kwamba unachobuni kinachohusiana na biashara yake ni mali yake. Biashara ya kampuni hizo inagusa karibu kila kitu. Kama vibarua hukuingizia 40,000 kwa mwezi, hiyo ni bei ya kujiunga. Itoe kwenye ofa. Au omba kibarua chako kiorodheshwe kwenye mkataba kuwa kilikuwepo kabla. Wengi hawaombi kwa aibu, na hukubaliwa mara nyingi kuliko unavyodhani.

La tatu ni zamu ya dharura. Mfumo ukianguka saa nane usiku, simu inalia na una dakika chache za kuitikia. Kampuni nyingine hulipia zamu hiyo, nyingine husema imo kwenye mshahara. Uliza zamu huja kila baada ya wiki ngapi na timu ina watu wangapi. Timu ya watu wanne maana yake wiki moja kila mwezi hulali vizuri, huendi harusini Machakos bila kompyuta, wala huogi bila simu karibu.

La nne ni tathmini. Kampuni kubwa hupima watu kwa kuwalinganisha wao kwa wao, na anayeonekana wa chini huwekwa kwenye mpango wa kurekebisha utendaji. Kwenye karatasi mpango huo ni msaada. Aliyeupokea na aanze kutuma maombi ya kazi wiki hiyohiyo.

Kuhusu usalama wa ajira, takwimu zinajieleza. Kati ya Novemba 2022 na Machi 2023, Meta ilitangaza kupunguza wafanyakazi 11,000 kisha wengine 10,000, Google 12,000, Microsoft 10,000, Amazon 18,000, ikaongeza 9,000. Wengi wa walioondolewa hawakuwa wazembe. Hata hivyo, mwajiriwa wa moja kwa moja haondoki mikono mitupu. Sheria ya Kenya inataka notisi isiyopungua mwezi mmoja na malipo ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Aliyekaa miaka minne ana kama mshahara wa miezi miwili kwa sheria tu, na kampuni kubwa zenye kulinda jina mara nyingi huongeza.

Ukitaka kujua thamani ya kuajiriwa moja kwa moja, mtazame wa njia ya pili, anayefanya kazi chini ya wakala.

Kazi ya wakala ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi Nairobi: kukagua maudhui, kuweka alama kwenye data za kufundishia akili mnemba, kujibu wateja. Jengo zuri, intaneti ya kasi, jina la kampuni kubwa linatajwa kila siku, lakini mkataba si wa kampuni hiyo. Mwaka 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba Wakenya waliokuwa wakiweka alama kwenye maandishi kwa ajili ya OpenAI, kupitia wakala, walikuwa wakibaki na kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Wakaguzi wa maudhui ya Facebook waliokuwa Nairobi chini ya wakala wameipeleka Meta mahakamani. Kampuni ilidai mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikaamua kesi ziendelee. Ripoti ya daktari iliyowasilishwa katika kesi hizo ilisema zaidi ya wakaguzi 140 walikutwa na msongo mkali unaotokana na kiwewe.

Weka hayo kwenye bei. Mshahara mdogo, mikataba mifupi, hakuna hisa, na wakati mwingine gharama ya afya ya akili inayokuja baada ya kazi kwisha. Njia hii haifai kununuliwa kama kazi ya kudumu. Kama kodi ya nyumba imekaba na hakuna kingine, chukua ya kuweka alama au kuhudumia wateja, kataa ya kutazama picha za mauaji, na jiwekee mwezi wa kutoka. Kwenye wasifu wako andika jina la aliyekulipa, maana mwajiri anayefuata atapiga simu kuulizia.

Kandarasi ya mbali ina sura ya kuvutia kuliko zote. Ankara ya shilingi 300,000 kwa kampuni ya Kenya hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 na 285,000 zinaingia. Ukilinganisha na 205,000 za mwajiriwa, tofauti ni 80,000, na hapo ndipo watu huingia mtegoni. Kodi ya zuio ni malipo ya awali tu. Kodi ya mapato inakusubiri, na KRA, mamlaka ya mapato, hutarajia uilipe kwa awamu Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Ukilipwa na kampuni ya nje hukatwi kitu, lakini deni lako kwa KRA liko palepale.

Ongeza SHIF ya kujilipia, bima ya familia, kompyuta, laini ya pili ya intaneti na betri ya kukuokoa stima inapopotea. Siku 21 za likizo ni karibu asilimia 8 ya siku za kazi za mwaka, nazo hulipwi. Ukiugua, hulipwi. Ukiondolewa, barua pepe moja inatosha. Kanuni ninayoipendekeza ni kwamba bei ya kandarasi iwe juu ya mshahara ghafi wa ajira kwa theluthi moja angalau. Chini ya hapo unajidhulumu.

Dola nayo hupanda na kushuka. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa karibu 129. Mwenye kandarasi ya dola 2,000 aliona mapato yake yakishuka kutoka 320,000 hadi 258,000 bila kufanya kosa lolote, na kodi ya nyumba haikushuka naye.

Njia ya nne haina fahari, na kwa baadhi ya watu ndiyo bora. Benki hulipa chini ya kampuni kubwa ya kimataifa, teknolojia yake wakati mwingine ni ya zamani, na mkubwa wako atataka tai. Lakini wafanyakazi wake hupata mkopo wa nyumba kwa riba iliyo chini sana ya ile ya mteja wa kawaida. Kwa mtu anayetaka kujenga au kununua ndani ya miaka mitano, nafuu hiyo inaweza kuzidi hisa zote za Marekani. Makato yaliyofichwa: ukiacha kazi, riba hupanda kuwa ya soko, na kwa mkopo wa miaka ishirini hilo ni kama mlango uliofungwa kwa nje.

Kampuni changa za hapa hukupa kazi nyingi na madaraka ya haraka. Hisa zake zihesabu kuwa sifuri. Kune, ya kuuza vyakula, ilifungwa mwaka 2022. Copia iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2024. Kinachohesabika huko ni mshahara unaoingia tarehe iliyoandikwa. Uliza miezi mitatu iliyopita uliingia lini.

Kuna pia wanaopewa ofa ya kuhamia ng'ambo na kampuni hizohizo. Mshahara unaruka, lakini ukaazi wako unafungwa kwenye kazi. Marekani, mwenye viza ya kazi ya H-1B akipoteza kazi ana hadi siku 60 za kupata mwajiri mwingine au kuondoka, na tangu Septemba 2025 maombi mapya kwa walio nje ya nchi yanamgharimu mwajiri dola 100,000, kwa hiyo ofa za huko zimekuwa adimu. Uingereza hutoza ada ya afya ya pauni 1,035 kwa kila mtu mzima kwa kila mwaka wa viza, na hulipwa yote mwanzoni. Familia ya watu wawili kwa miaka mitatu ni pauni 6,210 kabla ya tiketi. Kama barua haisemi kampuni italipa ada ya afya, viza za familia na nyumba ya mwezi wa kwanza, ofa hiyo bado haijakamilika.

Ninapoyaweka yote pamoja, kuajiriwa moja kwa moja na kampuni kubwa kunastahili bei yake kwa miaka miwili hadi minne, hasa kwa mtu asiye na mkopo wa nyumba na ambaye bado anataka kujifunza. Mifumo inayohudumia mamilioni ya watu huwezi kujifunza kwa video, na jina hilo kwenye wasifu hufungua usaili mwingine kwa miaka mingi. Baada ya hapo ujifunzaji hupungua, kwa sababu zana nyingi za ndani hazipo popote nje, na mtu hubaki kwa ajili ya hisa tu.

Kama una ofa mkononi na umepewa hadi Ijumaa, omba wiki moja zaidi kwa barua pepe. Ombi la heshima ni nadra kufuta ofa. Katika barua hiyohiyo taka kwa maandishi: nani anasaini mkataba, ratiba ya kukomaa kwa hisa, masharti ya kurudisha bonasi, orodha ya wanaolindwa na bima, na zamu ya dharura. Asiyetaka kuandika amekujibu. Na barua ya kuacha kazi uliyo nayo isitoke kabla mkataba mpya haujasainiwa pande zote mbili na ukaguzi wa vyeti na historia yako haujakamilika, kwa kuwa ofa nyingi zina sentensi ndogo inayosema zitategemea ukaguzi huo.